TV ndogo ya rangi ya miaka ya 1980: utibu kasoro, uifufue nzima, au ubakishe ganda lake?

Nyumba nyingi za Lamu bado zina ile TV ndogo ya rangi ya inchi 14, yenye mpini wa kubebea juu na antena mbili za kuvuta nyuma. Nyingine zililetwa na jamaa waliokuwa wakifanya kazi Ghuba, nyingine zilitoka Uingereza, nyingine zilinunuliwa Mombasa zikavushwa Mokowe kwa mashua. Leo ziko juu ya kabati, zimefunikwa kitambaa, na baadhi hazijawashwa tangu matangazo ya analogi yalipozimwa Kenya mwaka 2015. Halafu siku moja mtu wa nyumba anataka iwake tena, na hapo ndipo anapokwama. Ampelekee fundi aondoe kasoro iliyopo tu? Aifufue yote, kila kilichochoka kibadilishwe? Au atoe matumbo yake, aweke skrini bapa ndani ya ganda lilelile?

Njia zote tatu nimeona zikimfaa mtu. Ninalosisitiza ni kwamba usichague hata moja kabla ya kujua hali ya tyubu ya picha, yaani kile kioo kizito chenye shingo nyuma. Kapasita (vile vihifadhi chaji) zinauzwa, transista zinauzwa, hata flaibaki, transfoma inayoipa tyubu volti nyingi, hupatikana kwenye TV mbovu ya jirani. Lakini viwanda vikubwa vya tyubu za rangi vimefungwa, na tyubu ikishachoka hakuna duka la kwenda.

Vigezo vya kupimia

Njia zote tatu nitazipima kwa mambo yaleyale: usalama wa anayefungua, spea na fedha, picha utakayoipata, uvumilivu kwa hewa ya chumvi, na kama unaweza kurudi nyuma ukijuta. Kisha nitasema inamfaa nani.

Usalama nauweka mbele kwa sababu TV ya tyubu si redio. Flaibaki ya seti ya inchi 14 huipa tyubu zaidi ya volti 20,000. Tyubu yenyewe ni kapasita: ile rangi nyeusi ya grafiti iliyopakwa ndani na nje ya kioo hushika chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Kapasita kubwa ya umeme wa kuingia nayo hukaa na zaidi ya volti 300, kwani umeme wetu wa 240 ukinyooshwa hupanda hadi karibu 340. Na seti nyingi za enzi hizo bodi yake haikutenganishwa na umeme wa ukutani, kwa hiyo kugusa chuma chake ni sawa na kugusa waya wa stima.

Fundi anayeijua kazi utamtambua hapo. Kabla ya kushika chochote ataunga waya kutoka kwenye ule msuko wa waya unaozunguka nyuma ya tyubu hadi kwenye bisibisi ya mpini mrefu wa plastiki, ataipenyeza chini ya kofia ya mpira iliyo ubavuni mwa tyubu, mkono mmoja ukiwa mbali, na atarudia baada ya muda kwa sababu chaji hujirudisha kidogo. Anayeanza kwa kuingiza vidole, ondoa TV yako mezani pake.

Kwanza tyubu

Kama TV imelala miaka mingi, usiichomeke ukutani moja kwa moja. Ifunguliwe, vumbi na mijusi iliyokauka itolewe, kisha iwashwe kwa kupitishia umeme kwenye balbu ya kawaida ya wati 60 au 100 iliyoungwa mfululizo. Pakiwa na shoti, balbu itawaka kwa nguvu nayo TV itasalimika.

Ikishawaka, zima taa za chumba uchungulie kwenye matundu ya nyuma. Shingoni mwa tyubu unapaswa kuona mwanga mdogo wa rangi ya chungwa. Ipe dakika kumi. Tyubu nzima hutoa picha yenye weusi wa kweli na weupe usiosambaa. Iliyochoka huanza na picha hafifu inayojikokota kupata nguvu, na ukiongeza mwanga, nyuso za watu hung'aa kama fedha na kupoteza umbo.

Rangi moja ikikosekana, usikate tamaa mapema. Fundi hubadilishana waya mbili za rangi kwenye bodi ndogo ya shingoni. Ile rangi ikirudi na nyingine ikapotea mahali pake, kosa ni la bodi, na transista moja ya bei ndogo inaweza kulimaliza. Rangi ikikataa kurudi, ni tyubu.

Madoa ya kijani au zambarau pembeni si ugonjwa wa tyubu. Mara nyingi ni usumaku, kwa sababu spika kubwa iliwekwa karibu, au kile kifaa cha kuondoa usumaku kila TV inapowashwa kimekufa. Na seti iliyorekebishwa kwa soko la Ulaya inaweza kuonyesha rangi zilizosogea kidogo huku kwetu, kwani sumaku ya dunia haivuti vilevile kila mahali.

Picha itatoka wapi?

Swali hili linahusu njia mbili za kwanza, na wengi hulisahau mpaka fundi ameshalipwa. Antena peke yake haitaleta kitu tena. Utahitaji dekoda ya kidijitali, na dekoda nyingi hutoa picha kwa soketi za AV au HDMI, ilhali TV nyingi ndogo za zamani zina tundu la antena tu. Kinachohitajika kati yao ni kibadilishi cha kugeuza AV kuwa mawimbi ya chaneli. Kama nyumbani kuna deki ya kanda za VHS inayowaka, unacho tayari: ingiza dekoda nyuma ya deki, toa waya wa antena kutoka deki hadi TV, kisha tafuta chaneli ya deki, mara nyingi karibu na 36 ya UHF.

Aliye na seti iliyotoka Uingereza ajue jambo moja zaidi. Uingereza na Kenya zote zilitumia mfumo wa rangi wa PAL, lakini sauti ya kwao ilikaa megahezi 6 kutoka kwenye picha na ya kwetu 5.5. Ndiyo maana TV ya London huonyesha picha nzuri huku ikiwa bubu au ikikoroma. Kibadilishi chenye uchaguzi wa mfumo humaliza tatizo bila kugusa TV. Halafu ingia kwenye menyu ya dekoda uchague umbo la 4:3, watu wasionekane warefu na wembamba.

Njia ya kwanza: kutibu kasoro iliyopo tu

Usalama. Kifuniko hufunguliwa mara moja, kasoro hutafutwa, kifuniko hurudi. Muda wa hatari ni mfupi, ila kazi ni ya fundi na si ya kijana mwenye bisibisi na video ya simuni.

Spea na fedha. Hii ndiyo njia nafuu kuliko zote kama tyubu ni nzima, kwa sababu kasoro za TV hizi zinajirudia. Isiyowaka kabisa, tazama fyuzi, usambazaji wa umeme, na transista kubwa inayoendesha flaibaki. BU508A ilitumika kwenye seti nyingi mno, na mafundi wengi wanaijua bila kusoma. Picha iliyojikunja juu au kupungua chini, mara nyingi ni kapasita iliyokauka. Mstari mmoja mweupe katikati ya kioo chote cheusi ni sehemu inayoitandaza picha kwenda juu na chini, na hapo punguza mwanga haraka, maana mstari huo huunguza kioo ndani.

Kasoro hiyo ya mstari niliishuhudia kwa fundi mmoja wa Langoni. Bi mmoja wa Mkomani alikuja na TV iliyobebwa na mjukuu wake, akasema, "Mwanangu, hii aliileta marehemu, usiniambie itupwe." Fundi akamjibu, "Bi mkubwa, haitupwi kitu hapa, tuiangalie kwanza." Aliipindua bodi, akaweka tochi ubavuni badala ya juu, akashika lenzi. Kuzunguka mguu mmoja wa IC (kile kipande cheusi chenye miguu mingi) palikuwa na ufa mwembamba wa mviringo, mweusi, unaoonekana tu mwanga ukija kwa upande. Risasi ya kulehemu ilikuwa imeachia mguu kwa joto la miaka. Aliifyonza yote, akaukwangua mguu ule mpaka ukang'aa, akalehemu upya. Picha ikasimama kioo kizima. Hakuna spea hata moja iliyonunuliwa.

Picha. Utapata picha ileile ya siku ya mwisho ilipokuwa nzima, pamoja na uchovu wake wote.

Hewa ya chumvi. Hapa ndipo njia hii ilipo dhaifu. Kapasita nyingine za umri uleule zimebaki, na kutu ya kijani kwenye njia za shaba inaendelea. Kusi ikija na unyevunyevu wake, kasoro ya pili inaweza kufuata ya kwanza. Mwombe fundi, maadamu imefunguliwa, asafishe kofia ya mpira na kioo kilicho chini yake kwa spiriti, akaushe vizuri. Chumvi mahali pale ndiyo huleta mlio wa kuchemka na cheche za buluu alfajiri.

Kurudi nyuma. Hakuna kilichopotea. Milango yote imebaki wazi.

Inamfaa aliye na TV iliyokuwa ikiwaka vizuri kabla ya kuwekwa, anayetaka kuitazama mara mojamoja bila gharama kubwa.

Njia ya pili: kuifufua nzima

Usalama. TV hukaa wazi muda mrefu na huwashwa mara nyingi ikiwa wazi. Anayefanya anahitaji transfoma ya kutenganisha umeme, meza isiyo ya chuma na mtu mwingine chumbani. Kama wewe ni mwanafunzi wa umeme na una hamu ya kujifunza, usafi wa ganda, kuandika orodha ya kapasita na kupiga picha za bodi ni kazi zako. Vipimo vya TV ikiwa na umeme mwachie fundi mpaka atakaporidhika nawe.

Spea na fedha. Kapasita ni rahisi kwa bei. Kinacholipwa ni saa za fundi. Zinunuliwe zinazovumilia joto la nyuzi 105 badala ya 85, thamani ileile, volti ileile au zaidi, na ziwekwe moja moja, nyingine isitolewe kabla ya iliyotangulia kuingia, ili chanya na hasi zisipishane. Ipo moja isiyochezewa: kapasita ya volti 1,600 au 2,000 iliyo kando ya transista ya flaibaki. Thamani yake ndiyo inayozuia volti za tyubu zisipande kupita kiasi. Ikiwekwa ndogo kuliko iliyoandikwa, volti zinapanda, tyubu inaweza kupiga cheche na hata mionzi ya eksirei kuongezeka. Fundi akisema "hii inakaribiana", mwambie asubiri ile yenyewe itoke Mombasa.

Baada ya kapasita huja kulehemu upya miguu yote ya vitu vizito na vinavyopata moto, yaani flaibaki, IC ya picha, transfoma ndogo na soketi. Kisha volti kuu ya bodi hupimwa na kurekebishwa mpaka ifike ile iliyochapwa kwenye bodi, ndipo fokasi na mwanga hupangwa. Sumaku za pete zilizo shingoni, zilizofungwa kwa rangi ya kiwandani, ziachwe. Kwenye seti nyingi ndogo zilipangwa pamoja na tyubu ile, na anayezizungusha atahangaika siku nyingi kurudisha rangi tatu mahali pamoja.

Picha. Tyubu ikiwa nzima, hapa utashangaa. Trinitron ya Sony, iliyoingia sokoni 1968, yenye mistari ya rangi iliyosimama wima na waya wake mmoja au wawili mwembamba unaoonekana kama kivuli ukiutafuta, ikifufuliwa vizuri hutoa nyekundu na kijani ambazo skrini nyingi rahisi za leo hazizifikii. Kanda za VHS za harusi za zamani zinapendeza humo kuliko kwenye TV mpya, kwa sababu zilirekodiwa kwa ajili ya kioo cha aina hiyo. Na mwenye mchezo wa zamani wa video wa bunduki ya kupiga bata hana njia nyingine, kwani bunduki ile inasoma mwanga wa tyubu unaochorwa mstari kwa mstari.

Hewa ya chumvi. Njia hii ndiyo nafasi pekee ya kupambana na bahari kwa utaratibu. Bodi huoshwa kwa spiriti, hukaushwa juani kwa kiasi, kutu hukwanguliwa, na mahali palipoliwa hufunikwa kwa vanishi ya bodi. Baada ya hapo TV iwashwe mara kwa mara, kwa sababu joto lake lenyewe hufukuza unyevu. TV iliyofufuliwa kisha ikafungiwa chumba cha chini bila hewa itarudi ilikotoka.

Kurudi nyuma. Uasili unabaki isipokuwa vile vilivyobadilishwa, na mwenye kupenda huhifadhi vya zamani kwenye bahasha ndani ya ganda. Angalizo kwa ganda lenyewe: sabuni na maji ya vuguvugu kwanza. Spiriti hufuta maandishi ya vitufe. Plastiki iliyogeuka njano hupunguzwa kwa haidrojeni peroksaidi na jua, lakini jua letu ni kali na ganda likiachwa mchana kutwa hupinda.

Inamfaa anayeitaka TV kwa sababu ya TV yenyewe, au kwa aliyeileta nyumbani, na ambaye tyubu yake imefaulu majaribio ya juu. Kuifufua nzima seti yenye tyubu iliyochoka ni kupoteza fedha, hata kama mapenzi ni makubwa.

Njia ya tatu: ganda la zamani, skrini mpya

Usalama. Ikishavuliwa, hakuna volti 20,000 tena. Hatari yote iko siku ya kutoa tyubu, kwani ndani yake hamna hewa na shingo ni nyembamba. Ikipasuka, vioo huruka.

Spea na fedha. Unahitaji skrini, bodi yake na seremala au fundi mwenye subira ya kukata plastiki. Skrini nzuri kwa kazi hii ni ya kompyuta ya zamani ya inchi 15 ya umbo la 4:3. Zile ndefu za leo zitaacha pengo juu na chini. Bodi nyingi za namna hiyo hula volti 12, na kwa nyumba inayotumia sola hilo ni jambo kubwa. TV ya tyubu ya inchi 14 hula takriban wati 50 hadi 60, skrini hii chini ya nusu yake.

Picha. Safi, imenyooka, na inapokea dekoda, simu au flashi bila kibadilishi. Haina ule mbinuko wa kioo wala rangi zake, na kanda za zamani zitaonyesha kasoro zake zote.

Hewa ya chumvi. Bodi mpya nazo huliwa na chumvi, tofauti ni kwamba hubadilishwa kwa urahisi.

Kurudi nyuma. Hapa ni karibu haiwezekani. Nguzo za ndani zikishakatwa, tyubu haikai tena.

Inamfaa mwenye ganda zuri na tyubu iliyokufa.

Kwa hali yako

TV iliwaka vizuri na imelala tu: anza na njia ya kwanza, usafi wa kofia ya tyubu ukiwemo. Ikikaa msimu mmoja wa kusi na mmoja wa kaskazi bila kusumbua, ndipo ufikirie ya pili. Hii pia ni njia ya familia ambayo ndugu hawajakubaliana, kwani haimfungii mtu mlango.

Tyubu nzima, kanda za VHS kabatini, na mtu wa kuitumia kila wiki: njia ya pili inastahili gharama yake.

Tyubu imekufa, au TV ni ya baraza ya nyumba ya wageni Shela ambako inapaswa kuwaka kila jioni bila kuitiwa fundi: njia ya tatu.

Unakaa Pate, Faza au Kiunga: hesabu safari kabla ya fundi. Bodi pekee haitoshi kupelekwa, maana fundi hawezi kuijaribu bila tyubu yake, hivyo TV nzima itapanda mashua. Ifungwe nailoni, ibebwe kioo kikielekea kifuani kwa sababu uzito wote uko mbele, na kwenye basi la Malindi au Mombasa ilale kifudifudi juu ya godoro au blanketi nene, si ndani ya buti pamoja na magunia. Kwa safari ya namna hiyo, mwombe fundi wa huko afanye yote kwa mara moja.

Tyubu ni nzima lakini moyo wako uko kwenye skrini bapa: tafuta kwanza ganda la TV nyingine mbovu ya aina ileile, ya kwako umpe anayetaka kuifufua. Hapa kisiwani wapo.

Na tyubu yoyote itakayotolewa isitupwe mikokoni wala jaani. Kioo chake kina madini ya risasi. Muulize fundi kama ataitumia kwa seti nyingine. Asipoitaka, ifungwe vizuri na kupelekwa kwa wanaopokea taka za elektroniki, kama WEEE Centre ya Nairobi, pamoja na bodi yake.